Mota Iliyoungua Husomwa Kwanza

Fundi wa kusuka mota anayeijua kazi yake hatangulizi patasi, hutanguliza macho. Mota ikifika mezani pake imeungua, hufungua vifuniko vya ncha zote mbili, huichomoa rota, sehemu inayozunguka, taratibu isikwaruze chuma cha stata, sehemu iliyotulia yenye koili, kisha huibeba stata hadi mlangoni penye mwanga na kuikagua pete ya koili mpaka aridhike. Mteja mwenye haraka hudhani fundi amezubaa, kumbe kazi imeshaanza tena kwa sehemu yake ngumu. Mota iliyoungua inabeba habari mbili zitakazoanza kupotea mara waya wa kwanza utakapokatwa: kitu gani kimeiua, na yule aliyeisuka mwanzo aliisukaje.

Kazi hii nimeifuatilia kwa karibu mjini Morogoro, kwenye mota ya mashine ya milingi ya mzee mmoja aliyestaafu ukerezaji katika karakana ya reli. Mashine yenyewe ni ya zamani, ya kutoka Uingereza, na imesimama kwenye banda nyuma ya nyumba yake. Kwa asiyeizoea: kwenye mashine ya kukereza, chuma ndicho kinachozunguka na kisu kimetulia. Kwenye milingi kisu ndicho kinachozunguka, na chuma kimebanwa juu ya meza inayotembezwa chini ya kisu kwa mishikio ya kuzungusha kwa mkono. Hapo ndipo panapochongwa meno ya gia, mifereji ya shafti na nyuso bapa ambazo tupa haiwezi kuzisawazisha kwa kiwango hicho. Wateja wa mzee ni wenye mashine za kusaga mahindi, wenye pampu za bustani, na mafundi wenzake wanaomletea kipande kilichowashinda. Siku mota ilipokufa, foleni ya vipande ilijipanga ukutani.

Mota yenyewe ni ya nguvu farasi moja, yaani wati 746, ya umeme wa njia tatu. Haikufa kwa kishindo. Mzee alisikia mlio umekuwa mzito, akaona kisu kinasitasita ndani ya chuma, halafu ikaja harufu ambayo kila fundi anaijua hata akiwa chumba cha pili.

Fundi alipoifungua, pete ya koili ilikuwa na makundi sita. Mawili yalikuwa meusi tititi, uzi wa kuyafungia umegeuka majivu. Kundi la tatu lilikuwa na rangi yake ya shaba, linang'aa. Kisha mawili meusi tena, na moja safi. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu, akizunguka pete yote bila kuigusa. "Hii haikuzidiwa kazi," akasema. "Hii ilinyimwa njia moja."

Hukumu hiyo haikuwa ya kubahatisha. Mota hiyo ilikuwa imeungwa kwa mtindo wa nyota, ambapo ncha za koili tatu hukutana mahali pamoja. Njia moja ya umeme ikikatika wakati mota inafanya kazi, haisimami. Huendelea kuzunguka kwa njia mbili zilizobaki, na hizo hubeba mzigo wote kwa mkondo unaozidi kawaida kwa mbali. Koili za njia mbili huungua, na za njia iliyokatika hubaki salama kwa kuwa hazikupitisha kitu. Ingekuwa imeungwa kwa mtindo wa delta, sura ingegeuka: njia moja ingeungua na mbili zingepona. Ingekuwa imezidiwa mzigo, pete yote ingebadilika rangi kwa usawa. Na kama vanishi ya waya ingekuwa imechunika sehemu moja, pangekuwa na doa moja lililoyeyuka na jirani zake wazima. Wapo wanaosomea mambo haya vyuoni wakayasahau. Huyu anayasoma kwenye chuma chenyewe, na kila jambo lina alama yake.

Kwa hiyo, kabla hata bei haijatajwa, fundi alimtuma mzee akafungue swichi ya ukutani bandani kwake. Ndani yake mguso mmoja kati ya mitatu ulikuwa umeliwa, umeshika masizi. Hapo nilimheshimu mtu huyu kwa dhati. Angeweza kuisuka mota, kuikabidhi na kulipwa, na swichi ile ingeiunguza tena akalipwa mara ya pili.

Kuna jambo ndani ya mota ya aina hii ambalo linastahili kutazamwa na kila mtu mara moja maishani. Rota haina waya. Ni mhimili wa mabati yaliyobanwa pamoja, na ndani yake mna fito za alumini zilizounganishwa kwenye ncha kwa pete mbili. Hakuna umeme unaopelekwa kwake kwa waya wala kwa brashi. Koili tatu za stata hupewa umeme kwa zamu, na zamu hizo hufanya uga wa sumaku uzunguke. Uga unaozunguka huamsha mkondo ndani ya fito za rota, na rota inaanza kuukimbiza uga. Kwa umeme wetu wa hezi 50, na mota ya ncha nne za sumaku, uga huzunguka mara 1500 kwa dakika. Rota hufika 1400 na kitu, na haiufikii kamwe, kwa sababu ingeufikia, mkondo ndani yake ungekoma na nguvu ingeisha. Inafanya kazi kwa kuwa imeachwa nyuma kidogo. Galileo Ferraris alilionyesha wazo la uga unaozunguka huko Italia mwaka 1885, Nikola Tesla akapata hataza zake Marekani mwaka 1888, na Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, akifanya kazi Ujerumani, akaunda mota ya njia tatu yenye rota ya fito mwaka 1889. Mota iliyokuwa mezani Morogoro ilikuwa na mpango uleule.

Mzee alishauriwa na wengi anunue mota mpya aachane na hiyo. Ushauri huo si wa kupuuzwa, na aliupima kwa venia badala ya kuupima kwa maneno. Mota mpya ya wati 750 inayouzwa madukani sasa huwa na shafti ya milimita 19. Ya zamani ni ya robo tatu ya inchi, ambayo ni milimita 19.05. Tofauti hiyo haifiki unene wa unywele, na mtu wa duka angeapa kwamba puli inaingia. Inaingia kweli, na hapo ndipo ilipo hatari. Kisu cha milingi hakikati mfululizo. Kila jino linagonga chuma, linaachia, na linalofuata linagonga. Puli yenye mlegeo wa sehemu tano za mia za milimita ingepigwa na mitetemo hiyo mpaka ikaitafuna shafti. Kichuma kinachoifunga puli kwenye shafti nacho hakilingani: cha zamani kina upana wa milimita 4.76, cha mota mpya milimita 6. Matundu ya boliti kwenye uso wa mota yako mahali pengine kabisa. Yote hayo yanarekebishika kwa puli mpya na bamba la kuunganishia, lakini bamba lenyewe lingetaka kuchongwa kwenye mashine ileile iliyolala.

Mwingine alimshauri aweke mota ya njia moja yenye kapasita, kama zile za pampu. Mzee hakutaka kusikia, na alikuwa na sababu. Nguvu ya mota ya njia moja hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, wakati ile ya njia tatu hutoka sawasawa muda wote. Kwenye pampu ya maji hakuna atakayejali. Kwenye uso wa chuma unaotakiwa kung'aa, mtetemo wowote una nafasi ya kuacha alama.

Basi ikaamuliwa isukwe.

Kazi ya kuchukua taarifa za mota ndiyo iliyonifanya nikaze macho kuliko yote. Fundi alichora duara kwenye daftari, akaweka vistari 24 kwa mifereji 24 ya stata, kisha akafuata kila koili kwa kidole: inaingia mfereji wa kwanza, inatokea wa nane, ya ndani yake inaingia wa pili, inatokea wa saba. Alichora maungio, akaandika waya upi unatoka upande gani, na ni umbali gani koili zinatokeza nje ya chuma, kwa sababu zikitokeza zaidi zitagusa kifuniko. Hapo tu ndipo alipochukua patasi, akakata vichwa vya koili upande mmoja, upande usio na maungio.

Ukizikata koili hivyo, mfereji hukuonyesha ncha za nyaya kama mbegu ndani ya ganda. Fundi alizihesabu kwa sindano, ncha moja moja, akizisogeza kando. Koili ya kwanza ikatoa 86. Ya pili 86. Ya tatu ikatoa 85. Mimi ningeandika 86 nikaendelea, maana mbili zimekubaliana. Yeye aliirudia ya tatu tangu mwanzo, na alipopata 85 tena, akaingiza sindano pembeni mwa karatasi ya mfereji na kuivuta ncha iliyokuwa imejikunja nyuma yake. 86. Alieleza kwamba mzunguko mmoja pungufu kwenye koili moja hauui mota, ila anayezoea kuacha mmoja leo ataacha mitano kesho, na mota yenye mizunguko pungufu huvuta mkondo mwingi kuliko inavyostahili hata ikiwa haina mzigo.

Kisha unene wa waya. Kipande kifupi kilichomwa kwa kiberiti, vanishi ikatoka, kikapanguswa kwa kitambaa na kupimwa kwa maikromita: milimita 0.61, ambayo mafundi wetu wanaiita geji 23. Akipima bila kuondoa vanishi, namba huongezeka na fundi hununua waya mnene usioingia mfereji. Alihakikisha pia kwamba waya ni mmoja. Mota nyingine husukwa kwa nyaya mbili zinazokwenda pamoja, na asiyeligundua hilo ataona ncha 172 akadhani ndiyo idadi ya mizunguko.

Kuondoa waya mkongwe ni hatua inayoharibiwa na wengi. Vanishi ya kale imeganda, nyaya hazitoki, na njia ya mkato ni kuitupa stata nzima motoni. Waya hutoka upesi, kweli. Lakini chuma cha stata ni mabati membamba ya takriban nusu milimita, na kila bati limetengwa na mwenzake kwa utando mwembamba mno. Moto mkali huula utando huo, mabati yakagusana, na mikondo isiyotakiwa ikaanza kuzunguka ndani ya chuma chenyewe. Mota ya namna hiyo hurudi kazini, ikazunguka vizuri, na ikawa ya moto daima bila mtu kujua kwa nini. Nasema bila kumung'unya maneno: hiyo ni kuiua mota polepole na kumtoza mwenyewe fedha. Fundi wa Morogoro alizilainisha koili kwa joto la kadiri, akazivuta kwa koleo fungu baada ya fungu, na mchana wote ukaishia hapo. Halafu akasafisha kila mfereji kwa brashi mpaka bati likaonekana.

Kusuka kwenyewe kuna utulivu wake. Karatasi ngumu ya kuhami hukatwa, hukunjwa kingo na kutandikwa ndani ya kila mfereji. Koili huzungushwa kwanza juu ya fomu ya mbao, waya ukipita katikati ya vidole vilivyoshika kitambaa ili usilegee wala usikazwe mno. Kisha huingizwa mferejini kupitia mwanya wa milimita mbili au tatu, nyaya chache kwa wakati mmoja, zikilala sambamba bila kupishana. Fundi hakutumia bisibisi kuzisukuma. Alitumia kibapa cha mwanzi kilicholainishwa kingo, kwa sababu chuma hukwaruza vanishi ya waya, na mkwaruzo usioonekana leo ndio doa lililoyeyuka la mwaka ujao. Mfereji ulipojaa, alikunja karatasi juu na kufunga kwa kabari ya mwanzi. Nilijaribu kuitingisha koili moja kwa kidole. Haikutikisika.

Kabla ya vanishi alipima. Mita iligusishwa njia ya kwanza, ya pili na ya tatu, na namba zikakaribiana kiasi cha kutosha. Zingepishana, koili moja ingekuwa na kasoro. Kisha mega, kifaa kinachopeleka volti 500 kati ya koili na chuma cha mota kutafuta mahali umeme unapovuja. Mshale ulipaa juu ukatulia. Ndipo stata ikapashwa joto kufukuza unyevu, ikamiminiwa vanishi taratibu ili ishuke hadi ndani ya mifereji, ikaachwa ichuruzike, ikaingizwa kwenye oveni aliyoitengeneza mwenyewe kwa pipa. Vanishi hiyo hufanya zaidi ya kuzuia umeme. Huzigandisha nyaya pamoja zisisuguane mota inapotetema, na husaidia joto kutoka. Na joto ndilo adui mkuu: kanuni inayoshikwa na watu wa mota ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza kwa nusu maisha ya kihami.

Beringi mbili za zamani, namba 6204, zilikuwa bado zinazunguka. Zilitupwa hata hivyo, maana mota ikishafunguliwa hairudishiwi beringi iliyopitia moto ule. Mpya ziliingizwa kwa bomba lililogusa pete ya ndani tu. Ukiigonga pete ya nje, pigo hupitia kwenye gololi na kuacha vishimo vidogo njiani mwake, na beringi mpya huanza kuunguruma siku hiyohiyo.

Mota ilirudi bandani kwa mzee, na kazi ikabadilisha mikono. Mzee aliifunga juu ya kichwa cha mashine akaweka rula ndefu ya chuma kwenye nyuso za puli mbili, akatazama mwanga kati ya rula na puli, akalegeza boliti, akasogeza kidogo, akatazama tena. Mkanda ulikazwa kiasi cha kuubonyeza kwa kidole gumba, si zaidi, kwa sababu mkanda uliokazwa kama waya huzivuta beringi upande mmoja. Kisu kilikuwa hakijafungwa bado. Swichi mpya iliwashwa na kuzimwa upesi, wote wawili macho juu: ilizunguka kinyume. Fundi alizima umeme, akabadilishana nyaya mbili kati ya tatu, na mara ya pili ikaenda kama mkono wa saa ukitazama kutoka juu, upande ambao meno ya kisu yanauma. Kisu cha mkono wa kulia kikizungushwa kinyume hakikati kitu, hujisugua migongo mpaka kiungue makali.

Pembeni ya swichi fundi aliongeza ovalodi, kifaa cha kukata umeme mkondo ukizidi, akakirekebisha kulingana na ampea 2 zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Mzee alitaka kipandishwe hadi 3 kisije kikamkatisha katikati ya kazi. Walibishana kwa adabu, huyu na "mzee wangu", yule na "kijana", na ovalodi ikabaki kwenye 2.

Jaribio lilikuwa kipande cha chuma laini na kisu cha jino moja. Mzee alikata kwa kina kidogo, robo ya milimita, akizungusha mshikio kwa mwendo mmoja bila kusita, kichwa amekiinamisha upande wa mota. Uso ulipotoka alifuta mafuta na kuugeuza juani. Mistari ya kisu ilikuwa na nafasi sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mawimbi kati yake. Alimpa fundi aushike, naye akaupitisha ukucha juu yake kabla ya kusema neno.

Duara lile lenye vistari 24 sasa limo kwenye daftari la fundi, pamoja na tarehe, 86, geji 23, mfereji wa kwanza kwa wa nane, wa pili kwa wa saba, nyota. Namba hizohizo ameziandika kwa rangi ndani ya kifuniko cha kisanduku cha nyaya cha mota, asome atakayeifungua baadaye. Daftari limeshonwa upya mgongo na lina mota za pampu, za mashine za mbao, za vinu vya mahindi, nyingi zikiwa za viwanda ambavyo havitengenezi tena mota hizo. Ningependa kuona kila chuo cha ufundi stadi cha VETA kinachofundisha umeme kikiwapeleka wanafunzi wake kunakili madaftari ya namna hii, maana taarifa zilizomo haziuzwi dukani. Huyu wa Morogoro hamzuii mtu kunakili wala hatozi kitu. Ana sharti moja: anayechukua taarifa za mota moja kwenye daftari lake amletee za mota nyingine, zilizohesabiwa kwa mkono wake mwenyewe.